Injini kubwa ya dizeli ya meli

Injini kubwa ya dizeli ya meli ni injini ya mwako wa ndani inayozungusha rafadha (propela) ya meli zinazovuka bahari, kama vile meli za makontena, meli za mafuta na meli za nafaka au madini. Aina inayotumika zaidi katika meli hizo ni injini ya mipigo miwili inayozunguka polepole, kwa kawaida kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Inaunganishwa moja kwa moja na shafti ya rafadha bila gia.

Meli nyingi za mizigo zina injini kuu moja tu. Ikisimama baharini, meli haiwezi kusonga mbele, usukani hupoteza nguvu yake, na upepo na mikondo huanza kuisukuma. Kwa hiyo kazi kubwa ya mafundi wa meli ni kutambua hitilafu mapema, kabla haijawalazimisha kusimamisha injini mahali pa hatari.

Historia

Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel aliomba hataza ya injini yake mwaka 1892. Injini ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilipimwa mjini Augsburg mwaka 1897. Mwaka 1903 chombo cha mafuta Vandal kilianza kutumia injini za dizeli kwenye mto Volga nchini Urusi.

Mwaka 1912 meli Selandia, iliyoundwa na kampuni ya Burmeister & Wain mjini Copenhagen, Denmark, ilifanya safari yake ya kwanza hadi Bangkok. Ilikuwa na injini mbili za dizeli zenye silinda nane kila moja. Haikuwa na dohani kubwa kama meli za mvuke, kwa sababu moshi wake ulitolewa kupitia mlingoti. Haikuhitaji pia wafanyakazi wa kutia makaa ya mawe motoni, na iliweza kwenda mbali zaidi bila kuongeza mafuta. Katika miongo iliyofuata dizeli ilichukua nafasi ya mvuke katika karibu meli zote za biashara.

Mwaka 2006 meli ya makontena Emma Mærsk ilianza kazi ikiwa na injini ya aina ya Wärtsilä-Sulzer RTA96-C yenye silinda 14. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 960, na pistoni husafiri milimita 2,500. Injini ya aina hiyo ina urefu wa mita 27 hivi, kimo cha mita 13.5 na uzito wa takriban tani 2,300. Inatoa zaidi ya kilowati 80,000 ikizunguka mara 102 kwa dakika.

Muundo

Katika injini ya mipigo miwili kila silinda hupata mwako mara moja kwa kila mzunguko. Pistoni ikishuka, hufungua matundu yaliyo sehemu ya chini ya silinda. Hewa safi yenye presha huingia na kuusukuma moshi nje kupitia vali ya ekzosi iliyo juu. Pistoni ikipanda, huigandamiza hewa hiyo hadi iwe na joto la kutosha kuwasha mafuta yanayonyunyizwa na nozo. Hakuna plagi za kuwashia.

Injini hizo zinatofautiana na injini ya gari hasa kwa krosihedi. Pistoni haishikani moja kwa moja na konrodi. Inashika fimbo iliyonyooka, na fimbo hiyo huishia kwenye krosihedi inayoteleza juu na chini kati ya reli zake. Konrodi huanzia hapo na kuzungusha fitokombo, ambayo mafundi huiita krenki. Kwa njia hiyo silinda inatenganishwa na kasha la krenki lililo chini. Uchafu wa mwako hauingii kirahisi katika oili ya beringi, na injini inaweza kuchoma mafuta mazito ya bei nafuu.

Sehemu nyingine muhimu ni turbochaja. Hiyo huzungushwa na moshi unaotoka na kusukuma hewa ndani ya injini. Baada ya turbochaja hewa hupozwa, kwa sababu hewa baridi hubeba oksijeni nyingi zaidi katika nafasi ileile.

Injini bora za aina hii hugeuza takriban nusu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Matumizi yake ni gramu 170 hivi za mafuta kwa kilowati-saa. Kwa hiyo injini inayotoa kilowati 20,000 mfululizo huchoma zaidi ya tani 80 kwa siku.

Meli za abiria na vivuko hutumia zaidi injini za mipigo minne zinazozunguka haraka zaidi, ambazo huendesha rafadha kupitia gia au huzalisha umeme wa mota za rafadha.

Mifumo inayoihudumia injini

Injini kuu haiwezi kufanya kazi peke yake. Inategemea mifumo kadhaa, na hitilafu nyingi huanzia huko.

Mafuta. Mafuta mazito ni kama lami yakiwa baridi. Kwanza huachwa kwenye tangi ili maji na takataka zitulie chini. Kisha hupitishwa katika purifaya, mashine inayozunguka kwa kasi kubwa na kutenga maji na uchafu, yakiwa na joto la nyuzi 98 hivi za Sentigredi. Kabla ya kuingia kwenye injini hupashwa tena, mara nyingi hadi nyuzi 120 au zaidi, ili yawe mepesi ya kutosha kunyunyizwa. Mafuta hayo yanaweza kuwa na chembe ngumu za alumini na silikoni zilizobaki kutoka kiwanda cha kusafishia. Zisipoondolewa, husaga ringi za pistoni na kuta za silinda kama msasa.

Oili. Kuna oili za namna mbili. Oili ya mfumo huzunguka kwenye beringi na krosihedi, na katika injini nyingi hupoza pistoni pia. Oili ya silinda huingizwa kidogokidogo ukutani mwa silinda na kuungua huko. Ina alikali ya kupunguza nguvu ya asidi inayotokana na salfa ya mafuta. Ikiwa kidogo mno, asidi hula chuma. Ikizidi mno, masalio magumu hujengeka juu ya pistoni. Kwa hiyo oili ya silinda huchaguliwa kulingana na kiasi cha salfa katika mafuta.

Maji. Maji baridi yaliyotiwa dawa ya kuzuia kutu huzunguka kwenye silinda, na kwa kawaida hutoka yakiwa na nyuzi 80 hadi 90. Hayo nayo hupozwa na maji ya bahari katika kipozeo. Maji ya chumvi hayaingizwi ndani ya injini yenyewe.

Hewa ya kuwashia. Injini kubwa haina stata ya umeme. Huwashwa kwa hewa iliyoshindiliwa hadi takriban bar 30 katika mitungi mikubwa. Kwa injini inayoweza kuzunguka pande zote mbili, mitungi inatakiwa kuwa na hewa ya kutosha kuwasha mara 12 bila kujazwa upya.

Kuwasha na kuendesha

Maandalizi huanza saa kadhaa kabla ya kuondoka bandarini. Maji ya kupozea hupashwa hadi nyuzi 60 hivi, kwa sababu chuma kinene kikipata moto ghafla kinaweza kupasuka. Pampu za oili huwashwa na presha hukaguliwa.

Kisha injini huzungushwa polepole kwa mota ya kugeuzia, vali ndogo za majaribio juu ya silinda zikiwa wazi. Maji au mafuta yakitoka kwenye mojawapo, kuna mvujo, na injini haiwashwi. Maji hayagandamiziki kama hewa, hivyo yakijaa juu ya pistoni yanaweza kuvunja kifuniko cha silinda au kupinda konrodi. Mota ya kugeuzia lazima iondolewe kabla ya kuingiza hewa ya kuwashia.

Injini hujaribiwa kwenda mbele na nyuma baada ya daraja la nahodha kuthibitisha kwamba rafadha haina kizuizi. Kwa kawaida meli yenye rafadha isiyobadilika hurudi nyuma kwa kusimamisha injini na kuiwasha upya kwa kuzungusha upande wa pili. Kila badiliko kama hilo hutumia hewa, na mainjinia huangalia geji za mitungi wakati meli inapotia nanga au kukaribia gati.

Baada ya kutoka bandarini mzigo huongezwa taratibu, pengine kwa saa kadhaa, ili pistoni na silinda zitanuke kwa usawa.

Tangu tarehe 1 Januari 2020 mafuta ya meli duniani hayaruhusiwi kuwa na salfa zaidi ya asilimia 0.50, isipokuwa meli ina mtambo wa kusafisha moshi. Katika maeneo maalumu, kama Bahari ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini, kikomo ni asilimia 0.10. Meli inayoingia huko ikitumia mafuta mazito mara nyingi hubadilisha kwenda mafuta mepesi. Joto linatakiwa kushushwa polepole, takriban nyuzi mbili kwa dakika. Likishuka haraka, pampu za mafuta zinaweza kukwama kwa sababu sehemu zake hazisinyai kwa mwendo mmoja.

Kazi ya zamu

Injinia wa zamu huzunguka chumba cha injini na kulinganisha vipimo vya sasa na vya saa zilizopita: joto la ekzosi la kila silinda, presha ya oili, joto la beringi, maji yanayotoka, kasi ya turbochaja na kiasi cha mafuta matangini. Vyote huandikwa katika daftari la injini.

Kipimo kimoja peke yake hakisemi mengi. Ekzosi ya nyuzi 370 inaweza kuwa ya kawaida kwa injini moja na dalili ya ugonjwa kwa nyingine. Kinachotafutwa ni badiliko, hasa silinda moja inapoanza kutofautiana na wenzake. Mafundi hutumia pia masikio, pua na mikono: mlio mpya, harufu ya rangi inayoungua, au bomba lililopaswa kuwa la moto lakini limepoa.

Meli nyingi za kisasa huacha chumba cha injini bila mtu usiku. Vihisio hupeleka kengele hadi chumbani kwa injinia wa zamu. Hitilafu ikiwa kubwa, mfumo hupunguza mwendo wenyewe. Presha ya oili ikianguka au injini ikizunguka kupita kiasi, huisimamisha kabisa.

Matengenezo

Kila sehemu ina muda wake wa kukaguliwa, unaohesabiwa kwa saa za kazi kufuatana na kitabu cha mtengenezaji. Kazi za kawaida ni hizi:

- Nozo hutolewa na kupimwa kwa pampu ya mkono. Nozo nzuri hunyunyiza mafuta kama ukungu bila kudondosha.
- Ringi na kuta za silinda hukaguliwa meli ikiwa imesimama, kwa kuchungulia kupitia matundu ya hewa.
- Chumba cha hewa chini ya silinda husafishwa masizi na oili, na mabomba yake ya kutolea uchafu hufunguliwa mara kwa mara.
- Turbochaja huoshwa. Upande wa moshi unaweza kusafishwa injini ikifanya kazi, kwa kupuliza punje za maganda ya kokwa ngumu yaliyosagwa.
- Presha ya mwako ndani ya kila silinda hupimwa ili kazi igawanywe sawasawa.
- Sampuli za oili hupelekwa maabara. Chembe za chuma huonyesha beringi inayolika, na chumvi huonyesha maji ya bahari yanayovuja.
- Nafasi kati ya mikono ya krenki hupimwa inapozungushwa. Ikibadilika kupita kiasi, beringi kuu zimelika au mpangilio wake umepotoka.

Kutoa pistoni huhitaji kreni ya chumba cha injini na kwa kawaida hufanyika bandarini au meli ikiwa imetia nanga mahali salama.

Kutafuta hitilafu

Kanuni ya kwanza ni kuanza na mambo mepesi na kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mifano ya dalili na sababu zake ni kama ifuatavyo:

- Injini haizunguki inapowashwa: vali ya mtungi wa hewa imefungwa, presha ni ndogo, mota ya kugeuzia haijaondolewa, au vali ya kuwashia imekwama.
- Injini inazunguka kwa hewa lakini haishiki moto: mafuta hayafiki, yana maji, hayajapashwa vya kutosha, au kifaa cha usalama hakijarudishwa mahali pake.
- Joto la ekzosi limepanda katika silinda moja: nozo inavuja, vali ya ekzosi haifungi vizuri, ringi zimevunjika, au kuna moto chini ya pistoni.
- Joto la ekzosi limeshuka katika silinda moja: mafuta hayafiki vizuri kwa sababu ya pampu au nozo.
- Joto limepanda katika silinda zote: hewa haitoshi kwa sababu ya turbochaja au kipozeo kichafu, au mzigo ni mkubwa mno, kwa mfano meli ikipambana na mawimbi au ikiwa na magugu na konokono wengi chini.
- Moshi mweusi: hewa haitoshi au mafuta hayanyunyizwi vizuri. Moshi wa bluu: oili inaungua. Moshi mweupe: maji, au mafuta yasiyowaka.
- Turbochaja inatoa milio kama mabomu: hewa inarudi nyuma kwa sababu njia ya hewa au ya moshi imeziba, au silinda hazigawani kazi sawasawa.
- Maji ya kupozea yanapungua au yana mapovu ya gesi: kifuniko au ukuta wa silinda umepasuka.
- Joto la maji linapanda katika kina kifupi: chujio la maji ya bahari limeziba kwa matope, mwani au plastiki.

Silinda moja ikiharibika vibaya, mara nyingi inawezekana kufunga mafuta yake na kuendelea na zilizobaki kwa mwendo mdogo hadi bandarini. Mitambo ya kuongozea kutoka darajani ikikatika, injini inaweza kuendeshwa kwa mkono kutoka kituo cha dharura kilicho kando yake.

Uamuzi wa kusimamisha injini haufanywi na injinia peke yake kama bado kuna nafasi ya kushauriana. Injinia mkuu anajua injini inaweza kustahimili nini, nahodha anajua kuna nini mbele ya meli. Katika mlango mwembamba wa bahari pengine ni afadhali kuharibu beringi kuliko kupoteza meli.

Hatari kubwa

Moto katika chumba cha hewa. Masizi na oili zilizokusanyika chini ya silinda huwashwa na cheche zinazopita ringi mbovu. Dalili zake ni joto la ekzosi kupanda, turbochaja kupiga mlio, na rangi ya nje kutoa malengelenge. Mainjinia hutaarifu daraja, hupunguza mwendo, hufunga mafuta ya silinda hiyo na kuongeza oili yake ya silinda. Moto usipoisha, injini husimamishwa na kuzimwa kwa mvuke au gesi ya kaboni dioksidi. Milango haifunguliwi kabla ya chumba kupoa.

Mlipuko wa kasha la krenki. Beringi ikipata joto kupita kiasi, oili hugeuka mvuke, kisha hupoa na kuwa ukungu mweupe. Ukungu huo ukigusa sehemu ileile ya moto unaweza kulipuka. Mlipuko wa kwanza hufuatwa na hewa kuvutwa ndani, na wa pili unaweza kuwa mkubwa zaidi. Tarehe 11 Septemba 1947 meli ya abiria Reina del Pacifico ilipata milipuko ya aina hiyo ilipokuwa ikijaribiwa karibu na pwani ya Ireland ya Kaskazini, na watu 28 walikufa. Baada ya ajali hiyo vali za kutolea presha kwenye kasha la krenki zikawa sharti. Siku hizi kuna pia vipimaji vya ukungu wa oili. Vikipiga kengele, mafundi huondoka upande wa vali hizo, injini hupunguzwa mwendo na kusimamishwa, na kasha halifunguliwi mpaka lipoe kwa angalau nusu saa. Wengi walioumia zamani walifungua mlango mapema na kuruhusu hewa iingie.

Kukatika kwa umeme. Pampu nyingi za injini kuu huendeshwa kwa umeme wa jenereta, kwa hiyo umeme ukikatika injini nayo husimama. Tarehe 26 Machi 2024 meli ya makontena Dali ilipoteza umeme ilipokuwa ikitoka bandari ya Baltimore, Marekani, na injini yake kuu ikajizima. Meli iligonga daraja la Francis Scott Key, na wafanyakazi sita waliokuwa wakitengeneza barabara juu yake walikufa. Wachunguzi wa Marekani walikuta kwamba umeme ulikatika kwa sababu ya waya mmoja ambao haukushikana vizuri.

Upungufu wa oili. Tarehe 23 Machi 2019 meli ya watalii Viking Sky ilipoteza nguvu katika dhoruba karibu na pwani ya Norwei, ikiwa na zaidi ya watu 1,300. Oili matangini ilikuwa chini ya kiwango kilichotakiwa. Meli ilipoyumba, pampu zilivuta hewa, presha ikaanguka na injini zikajizima. Wafanyakazi walifaulu kuziwasha tena kabla meli haijagonga miamba.

Mafunzo na Afrika Mashariki

Mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978, uliorekebishwa mwaka 1995 na 2010, unaweka masharti ya elimu, muda wa baharini na vyeti vya mainjinia wa meli. Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) na chuo cha Bandari Maritime Academy mjini Mombasa ni kati ya vyuo vinavyofundisha kazi za ubaharia katika Afrika Mashariki.

Meli za maziwa makuu hutumia injini za dizeli zilizo ndogo zaidi. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, iliendeshwa kwa mvuke hadi ilipowekewa injini za dizeli katika miaka ya 1970.

Tazama pia

- Injini ya mwako wa ndani
- Rudolf Diesel
- Meli
- Rafadha